Rehani

Gitaa la kwanza hatukulinunua.
Liliachwa kaunta, Kiusa, Jumamosi ya masika,
na Abednego Mrutu wa Usangi,
aliyekula mtori bakuli tatu,
ndizi nyama sahani moja, soda mbili,
akajipapasa mifuko yote, hadi soksi,
akajicheka kabla hatujamcheka:
"Shikeni hili. Jumanne nalikomboa."

Nikaandika daftarini kwa peni iliyovuja:
Mrutu. Gitaa moja, nyuzi tano. Sh. 350.
Akilipa, apewe.

Zilikuja Jumanne nyingi.
Ya kwake haikuja.

Kaka yangu Anaeli akapigilia msumari juu ya friji,
akalitundika, walevi wasije wakalikalia.
Watu wakaanza kuuliza: la nani?
Na mwenye swali haondoki upesi,
hukaa, huagiza, hungoja jibu.
Anaeli alikuwa na jibu jipya kila siku:
leo lilipigwa mbele ya machifu,
kesho lilivuka mpaka wa Taveta usiku, kwa miguu.
Mimi nilijua limevuka barabara tu,
kufuata mtori wa mama.

Ikaja tarumbeta iliyobonyea
ya mstaafu wa bendi ya polisi,
zikaja santuri zenye majina ya talaka.
Tukabomoa ukuta wa fundi cherehani,
tukapata jukwaa la mbao za kreti.
Kisha ghorofa. Kisha vyumba:
Chumba cha Solo, Chumba cha Ridhimu,
na Chumba cha Besi juu ya jenereta,
maana haki ni haki.
Kisha Arusha, Sakina; kisha Njiro,
penye bwawa lenye umbo la gitaa:
watu wazima huogelea tumboni,
watoto shingoni.
Wageni washukao mlimani na kucha zilizokufa
hunywa mtori wetu uliobatizwa upya,
jani la giligilani juu,
kwa bei ya bakuli thelathini za mama.

Siku hizi magitaa huja kwa kontena,
yamezeeshwa kiwandani,
mikwaruzo imo kwenye ankara.
Binti wa mapokezi huyapangusa kila Ijumaa
na hajasikia hata moja likisema.
Kinachoimba ni spika ya darini,
kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Juzi akaingia Nakijwa,
viatu vina vumbi la Mwanga,
mkononi bahasha, ndani sarafu tatu:
mia mbili, mia, hamsini.
"Babu alisema ana deni Moshi."

Meneja alicheka kwa adabu.
Gitaa lile lina bima, alisema.
Limo kwenye nembo, kwenye mashuka,
kwenye vikombe, hadi kwenye sabuni.
Akampigia Anaeli. Anaeli akanipigia mimi:
"Dada, angalau piga riba."

Nikashusha daftari. Linanuka mafuta ya taa.
Nikatafuta riba, sikuiona.
Nikatafuta bima.
Palikuwa na maneno mawili tu,
na doa la wino kama kidole cha shahidi.

Nikazihesabu sarafu mara mbili,
si kwa shaka, kwa heshima.
Nikaandika: Imelipwa.
Ufunguo wa kabati la kioo
nimeufunga pamoja na wa stoo ya unga;
hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini.

Alilipakata kama mtoto aliyelala.
Mlangoni kidole kikagusa waya, bila kukusudia,
na wahudumu wote wakageuka,
wakiitafuta simu inayolia.

Ukutani pamebaki msumari
na umbo jeupe lenye kiuno.
Kesho mgeni atauliza: hapa palikuwa na nini?
Na kaka yangu, namjua, tumbo letu moja,
atakuwa na jibu.
Atafungua tawi jingine kwa hilo jibu.